Kichwa Kilichouma Asubuhi Tu

Daktari aliniambia baadaye kwamba wengi wenye presha hawasikii kitu chochote mpaka siku inapowaangusha. Mimi nilisikia. Mwili wangu uliniambia karibu kila asubuhi kwa miezi saba, nami niliunyamazisha kwa vidonge vya maumivu na chai ya rangi. Haya nayaandika kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi amekaa mahali ameshika kisogo, anajiambia kwamba ni uchovu tu.

Naitwa Tatu. Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na mbili, nafundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi Rusimbi. Mume wangu, Issa, alikuwa fundi wa maboti pale Kibirizi. Tulikaa Ujiji, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyojengwa na babu yake, mtu wa ng'ambo aliyevuka ziwa zamani kutafuta biashara, si kukimbia. Tulikuwa na watoto watatu. Mkubwa, Mwamini, alikuwa darasa la saba.

Kichwa kilianza pamoja na mvua za kwanza, mwaka ule vita ya Zaire ilipoanza kuwasukuma watu majini. Maboti yalikuwa yanafika Kibirizi yamejaa mpaka maji yanalamba ukingo. Issa aliacha kuunda maboti mapya, akawa kazi yake ni kuziba matundu ya yale yaliyofika. Jioni alikula bila kusema. Siku moja tu alisema.

"Leo limekuja moja tupu."

"Tupu vipi?"

"Tupu, Mama Mwamini. Sufuria zimo, mikeka imo. Watu hawamo."

Kesho yake asubuhi niliamka na kichwa. Kilikaa chini kabisa kisogoni, pale fuvu linapokutana na shingo, kizito kama mtu ameniwekea kiganja hapo na ananiinamisha taratibu. Nikafikiri ni yale maneno ya boti niliyolala nayo. Ilipofika saa nne, katikati ya somo la hesabu, kikawa kimeondoka chenyewe. Kesho yake kikarudi, kikaondoka saa nne. Ndivyo kilivyonidanganya. Ugonjwa unaoondoka wenyewe kabla ya chai ya shule, nani atauandalia safari ya hospitali?

Nilikwenda duka la dawa nikasema nina malaria. Kigoma kila kinachouma ni malaria. Nilimeza dawa zile chungu, nikajikuna siku tatu mwili mzima, na kichwa kikaendelea na ratiba yake.

Mvua zilipokolea, Issa alirudi Jumamosi moja na mwanamke na watoto watatu, wote wamelowa. Alikuwa Riziki, binti wa baba yake mdogo, kutoka Uvira. Kwa hiyo alikuwa wifi yangu, ingawa tulikuwa tumeonana mara mbili tu, kwenye harusi na kwenye msiba. Huko kwao alikuwa muuguzi wa hospitali. Mumewe alirudi nyuma kufunga nyumba, akawaambia watangulie, atakuja na boti linalofuata.

Sheria ilikuwa kwamba wakimbizi waandikishwe kule uwanja wa mpira, kisha malori yawapeleke kambini. Lakini nani angemtoa ndugu yake mlangoni ampeleke uwanjani kwenye mvua? Tukawa watu tisa. Kila asubuhi Riziki alishuka Kibirizi kutazama maboti. Kila mchana alirudi, akavua viatu mlangoni, akaanza kazi za nyumba bila kuulizwa. Nasi tukaacha kumuuliza.

Yeye ndiye aliyeniona. Wiki ya pili tu, nimeketi kitandani nasubiri kichwa kiniruhusu kusimama, aliingia na kikombe cha uji.

"Wifi, kichwa inakuumaka asubui tu?"

"Ni uchovu."

"Inakuumaka huku nyuma?"

Nikateremsha miguu nisimame. Akaniangalia miguu. Ilikuwa imevimba kidogo, alama ya ndara imebaki juu ya ngozi.

"Hii haiko malaria. Iko tansiyo."

Sikulijua neno hilo. Nilidhani ni ugonjwa wa kwao. Siku chache baadaye ndipo Issa aliponieleza kwamba anasema presha. Nikacheka. Presha niliijua kama ugonjwa wa wakubwa wa ofisini wenye matumbo. Mimi nilikuwa mwembamba, natembea kila siku kutoka Ujiji hadi Rusimbi kwa miguu.

Lakini kutembea kwenyewe kulikuwa kumebadilika. Kile kilima kidogo kabla ya shule, nilichokipanda miaka kumi na minane nikiongea na walimu wenzangu, sasa nilikuwa nakipanda kimya. Katikati nilisimama na kujifanya nafunga kamba ya kiatu. Moyo uligonga mpaka nikausikia masikioni. Halafu macho. Nikiandika ubaoni, herufi zilianza kuogelea pembeni, na wakati mwingine vimulimuli vidogo vilipita mbele yangu mchana kweupe. Nikasema nahitaji miwani. Siku moja damu ilinidondoka puani juu ya daftari la mahudhurio, ikafunika majina ya watoto wawili. Nikasema ni joto. Kwa kila kitu nilikuwa na jina jingine.

Nyumbani nilikuwa mkali. Sikuwa hivyo zamani. Watoto tisa au kumi wakicheza uani, wangu na wa Riziki na wa majirani, kelele zao ziliniingia kichwani kama misumari. Nilimchapa Mwamini kwa kuvunja sahani, jambo ambalo sijawahi kulisahau.

Tuligombana kwa sababu ya chumvi. Riziki alipika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese, chakula nilichokipenda tangu utoto. Nikaonja. Haikuwa na ladha.

"Umesahau chumvi?"

"Sikusahau, wifi. Niliweka kidogo. Chumvi nyingi inakuletea mubaya."

Nikasimama. Ninakumbuka Issa alivyoshusha tonge lake. "Umekuja kwangu na watoto wako, nimewapokea. Sasa unanipimia chumvi jikoni kwangu?"

"Nilifanya hospitali miaka kumi na mine," alisema polepole. "Niliona watu wengi wa namna yako. Minakuomba upimwe tu."

Ile "watu wa namna yako" ndiyo iliyoniudhi zaidi. Nilimwambia Issa, kwa sauti ambayo Riziki aliisikia, kwamba wakimbizi wenzake wako kambini wanapewa chakula na mahema, na kwamba nyumba hii si kambi.  Issa alitoka akaenda msikitini, ingawa wakati wa sala ulikuwa bado.

Kesho yake Riziki alinikuta nafua.

"Nitaenda kambini, wifi. Usiwe na hasira na Issa. Lakini tuende pamoja hospitali kwanza. Kama haiko kitu, nitaomba samahani na nitaenda nimenyamaza."

Nikamwambia nina vipindi. Ilikuwa Jumapili.

Alipanda lori na wanawe watatu katikati ya masika. Lilipita njia ya Mwandiga, mimi nikiwa darasani. Kichwani kwangu nilijiambia kwamba sasa nyumba itatulia na maumivu yataisha.

Hayakuisha. Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, nilikuwa naandika ubaoni sentensi ya Kiswahili. Chaki ikaanguka. Nikainama kuiokota, vidole vikaigusa lakini havikuishika. Nikajaribu tena. Nyuma yangu watoto walianza kucheka, wakidhani nafanya mchezo. Nikageuka kuwaambia wanyamaze, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa nzito, imelegea, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Kicheko kikakatika chote kwa mara moja. Msichana mmoja wa mbele, Leokadia, alisimama akasema, "Mwalimu, mdomo wako."

Mpaka Issa anafika shuleni, mdomo ulikuwa umeanza kunyooka na nilikuwa naweza kusema, ingawa kwa kujikwaa. Nikamwambia imepita, twende nyumbani. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu alinishika mkono mbele za watu na kunivuta. Tukaenda hospitali.

Benchi la pale nje ya chumba cha daktari nalijua kuliko viti vya nyumbani kwangu. Siku hiyo nilikaa kati ya Issa na bibi mmoja wa Kiha aliyebeba kadi yake ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili. "Mwakeye," alinisalimu, kisha akaniangalia mdomo, akasogea nipate pa kuegemea. Hakuuliza. Alikunja kitenge chake akakiweka nyuma ya shingo yangu, pale pale palipokuwa panauma, kama aliyeambiwa. Mbele yetu walipita na mzee aliyeletwa juu ya baiskeli, amefungwa kwa kanga asianguke, upande mmoja wa uso wake umeshuka wote. Bibi akasema kwa sauti ya chini, "Huyu tulikuwa tunakaa naye hapa. Aliacha kuja."

Muuguzi alinifunga ule mkanda, akapampu, akasikiliza. Akaufungua. Akaufunga tena mkono wa pili. Nilimwona anavyojikaza uso. Hakunitajia namba, alimwita daktari.

Daktari, kijana aliyehamishiwa Kigoma kutoka mikoa ya kaskazini, alipima mwenyewe. Kisha akaniuliza kichwa, macho, pumzi, miguu, moyo, kimoja baada ya kingine, na kwa kila kimoja nilijibu ndiyo. Ilikuwa kama anasoma daftari ambalo Riziki alikuwa ameliandika.

"Mama, hiki kilichokupata darasani kilikuwa salamu," alisema. "Mwenyewe, kiharusi, alikuwa bado yuko njiani."

Issa alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Ili kunichangamsha, akakunja mkono wa shati akasema, "Nami nipimeni basi, asijione yuko peke yake." Hakuwa na kichwa, hakuwa na kizunguzungu. Alibeba magogo ya mninga begani. Muuguzi akampima huku anatabasamu, na tabasamu likaondoka. Presha yake ilikuwa juu kuliko yangu.

"Unasikia nini, baba?"

"Sisikii kitu. Nasikia njaa."

Mimi nililazwa siku tano. Yeye aliandikiwa dawa na kuruhusiwa.

Kumeza dawa kila siku ni kazi kubwa kuliko inavyosikika. Zile za kwanza zilinipeleka chooni mpaka nikaogopa kukaa darasani kipindi kizima. Nyingine zilinikausha mdomo, nikawa nafundisha na kikombe cha maji mezani. Nikisimama haraka dunia ilizunguka. Mkono wa kulia ulibaki mzito hadi kiangazi. Mwandiko wangu, uliosifiwa na wakaguzi, ukawa wa mtoto wa darasa la kwanza. Leokadia akawa anakuja mbele kuandika ubaoni ninayoyasema, na darasa zima likakubaliana, bila mtu kuwaambia, kunyamaza nikiwa natafuta neno. Chakula bila chumvi kilinipa huzuni ya kweli. Nilikaa mbele ya samaki, migebuka niliyokaanga mwenyewe, machozi yakinitoka, Mwamini akidhani kuna aliyefariki.

Lakini mwezi wa pili niliamka asubuhi moja, nikakaa kitandani kusubiri kichwa, na hakikuja. Nilisikia majogoo tu. Nilikaa hivyo muda mrefu, naogopa kusogea.

Jambo la kwanza nililofanya nilipopata nguvu ni kwenda kambini. Nilimkuta Riziki nje ya hema lake la turubai, anamsuka binti yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nilipofika nikapiga magoti tu kwenye vumbi.

"Inuka, wifi, watu wanaona," alisema. Akanishika kifundo cha mkono na vidole viwili, akahesabu mapigo kimya. "Unakunywa dawa?"

"Nakunywa."

"Na Issa?"

Nikamwambia kwamba Issa naye ana presha, na anakunywa. Ndivyo nilivyoamini.

"Ule asiyesikia kitu, huyo ndiye unamuchunga," aliniambia. "Weye maumivu itakukumbusha. Yeye nani atamukumbusha?"

Nilirudi Ujiji na maneno hayo, na kwa mwezi mzima nilimpa Issa dawa kwa mkono wangu. Alinicheka, akameza. Kisha likaja lile jambo la mtu mzima kusimamiwa kama mtoto, tukagombana, akasema atakuwa anameza mwenyewe Kibirizi, kazini, baada ya chai. Nikamwachia. Alikuwa anapendeza, anaimba akifanya kazi, anapandisha maboti ufukweni na vijana wa nusu ya umri wake. Kila mwezi nilikwenda kliniki peke yangu, nikachukua dawa zangu na zake. Kila baada ya miezi michache mtu mmoja alikosekana kwenye benchi, nasi wengine tulisogea kujaza pengo. Nilipomuuliza Issa kwa nini haji, aliniambia boti haliwezi kumsubiri.

Kiangazi cha mwaka uliofuata, wakati wa upepo na moshi wa mashamba, walikuwa wanashusha majini boti kubwa. Wenzake wanasema Issa aliachia kamba, akakaa chini mchangani taratibu, kama mtu anayepumzika. Wakamwita. Akawatazama, akajaribu kucheka, na nusu tu ya uso ikacheka.

Walimleta hospitali juu ya ubao alioupiga randa mwenyewe asubuhi ile. Daktari yule yule. Hakuniuliza maswali mengi. Aliuliza moja tu, kama alikuwa anameza dawa, nami nikasema ndiyo, kwa sauti ya juu, mbele ya watu. Siku ya tatu kijana wake wa kazi akaniletea sanduku la vifaa. Chini ya patasi nikakuta kitambaa, na ndani ya kitambaa vile vidonge vyeupe, karibu vyote.

Sikumwambia mtu. Nilikaa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuipeleka, kwa maana yule niliyemkasirikia alikuwa ananitazama kwa jicho moja, hawezi kusema jina langu. Nilimwogesha nikiwa na hasira. Nilimlisha nikiwa na hasira. Riziki aliomba kibali akatoka kambini, akakaa nasi wiki mbili, akanifundisha kumgeuza asitoke vidonda na kuunyoosha mkono wake kila asubuhi. Siku anayoondoka aliniambia, "Hakukataa dawa kwa kukuzarau. Aliogopa kuwa mugonjwa." Hasira ilianza kupungua siku hiyo. Haikuisha.

Issa aliishi miaka sita. Mkono wa kulia haukurudi. Maneno yalirudi machache, ya chakula na ya watoto. Hakuunda boti tena, na alikataa kabisa kupelekwa Kibirizi. Tulimzika mwanzo wa mvua. Riziki wakati huo alikuwa amesharudi kwao kumtafuta mumewe. Barua zake mbili zilinifikia. Tangu hapo sijapata nyingine, na wasafiri wa maboti ninaowauliza hawamjui.

Mimi nimestaafu. Nameza dawa zangu kila asubuhi nikiwa nimesimama, kabla sijafungua mlango. Watu huniuliza dalili, nami nawatajia: kisogo, macho, pumzi, moyo, damu ya puani, ganzi ya vidole. Wakishazikariri nawaambia kuhusu Issa, ambaye hakuwa na hata moja, ili wasije wakakaa kusubiri dalili. Wengine wanakwenda kupimwa. Wengine wananiambia watakwenda.

Mwamini aliolewa Mwandiga. Ujauzito wake wa kwanza ulipofika mwezi wa nane alikuja kunitembelea, tukakaa uani tunachambua dagaa. Akavua viatu kwa tabu, akasema miguu imejaa. Akasema na kichwa kinamsumbua tangu juzi, pengine ni jua. Nikamuuliza macho. Akasema ajabu, tangu asubuhi anaona kama vimulimuli.

Niliacha dagaa pale pale kwenye ungo. Hakupewa nafasi ya kubisha. Njia nzima alikuwa ananiambia, "Mama, unanitia aibu, mume wangu hajui niko wapi," na mimi nikamshika mkono na kumvuta. Hospitali walimpima mara moja tu wakaanza kukimbia. Sindano, chupa ya maji, kitanda karibu na meza ya wauguzi, pazia likavutwa kuzuia mwanga.

Jioni alikuwa na nafuu. Akajiinua kwenye kiwiko.

"Mama, kichwa kimepoa. Naona vizuri kabisa. Twende nyumbani, nitarudi kesho."

Nikamwangalia. Alikuwa na paji la uso la baba yake. Nikainama, nikachukua viatu vyake chini ya kitanda, nikavitia kwenye mkoba wangu, nikafunga zipu, nikaukalia.

Nilimrudishia viatu siku ya tisa, alipokuwa anatoka na mtoto.